Abiria Waliopitiliza Kituo

"Inatangazwa kwa umma wote wa Kolwezi na viunga vyake kwamba suala la Wakasai, yaani watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, limepata ufumbuzi wa kisayansi, wa amani na wa kudumu. Baada ya utafiti, imebainika kuwa watu hawa hawakuhamia hapa. Walipitiliza kituo."

Tata Kisimba akawaangalia watu. Alikuwa amesimama juu ya mizani ya mizigo, katika stesheni ya Kolwezi, mwaka ule wa tisini na tatu. Mizani hiyo ilikuwa imekufa zamani sana, na yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wake mpaka juzi, wakubwa walipotafuta mwenyeji halisi mwenye tai wakamwona. Sasa alikuwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Historia ya Njia ya Reli na Urudishaji wa Vituo kwa Wenyewe, na tai ilikuwa ile ile.

Historia yenyewe ilikuwa safi, haina hata doa la ushahidi. Reli, alieleza Kisimba, ilitoka kusini ikifuata shaba, ikafika Tenke, ikajigawa. Mkono mmoja ukaja huku kwetu Kolwezi. Mwingine ukapanda Lubudi, ukavuka Lualaba pale Bukama, ukapita Kamina, ukaingia Kasai mpaka Ilebo. Nani aliijenga? Swali hilo Kamati ilikuwa imeliahirisha. Ila ilipofunguliwa tu, watu wa Kasai walipanda treni kwa wingi kwenda kumsalimia jamaa yao mmoja, ambaye jina lake bado linatafutwa, mahali fulani karibu na Mwene-Ditu, huko huko Kasai. Wakasinzia. Kuzinduka, wako Kolwezi! Kwa aibu hawakusema kitu. Wakawa wanachimba shaba, wanaendesha treni, wanafundisha shule, wanashona watu vidonda hospitalini, yote hayo kwa ajili ya kupoteza muda wakisubiri treni ya kurudi. Waliozaliwa hapa, pamoja na watoto wao na wajukuu wao, ni abiria waliozaliwa njiani.

"Kwa hiyo hakuna anayefukuzwa," akamalizia Kisimba. "Neno hilo lisisikike tena. Hapa tunasahihisha kosa la tiketi."

Makofi yakapigwa na vijana wa Mwenze. Mwenze alikuwa Katibu wa Kamati na mkuu wa vijana wenye fimbo, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha abiria safari yao. Walikumbusha kwa bidii. Wengine walikumbuka upesi mno hata viatu wakaviacha, na vijana, kwa utu wao, wakabaki kuzitunza nyumba, redio na baiskeli. Sasa uwanja wote wa stesheni ulikuwa umejaa familia zilizokaa juu ya magodoro na masufuria, chini ya maturubai, mvua inawanyea, treni haiji. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara. Kamati iliuita uwanja huo "chumba cha kusubiria".

Nyumbani kwa Kisimba hotuba haikupata makofi. Mke wake, Mama Mbombo, alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na kwa mujibu wa historia mpya alikuwa bado yumo ndani ya treni. Mama yake mzazi, Mama Mpoyi, na kaka yake Muamba, aliyekuwa mashinisti, dereva wa treni, tangu ujana wake, walikuwa stesheni chini ya turubai, karibu na choo.

"Tata Shekina," Mbombo alimwambia mumewe, kwa jina la binti yao kama alivyomwita siku zote, "mama anakohoa. Mvua inamupiga pale ku gare. Umulete hapa ku nyumba."

"Nitamuleta namna gani? Mi njo Mwenyekiti! Bakisikia Mwenyekiti anafichaka abiria, batasema nini?"

"Abiria? Ule mama njo alikupikiaka bukari wakati hukukuwa hata na shuka. Leo njo abiria?"

"Si mi, Mama Shekina. Ni historia."

"Na mi?" Mbombo akaweka mikono kiunoni. "Mi nilipitiliza kituo gani? Kitanda yako?"

Tuseme ukweli, Kisimba alimpenda mke wake. Alikuwa mwoga, alikuwa mjinga wa kupenda vyeo, lakini alimpenda, na kila alipowasikia vijana wa Mwenze wakiimba barabarani, alikwenda kuangalia komeo la mlango. Alijua siku moja watageuza kona, watafika mlangoni kwake na kumkumbusha Mbombo safari yake. Alichotaka kwenye dunia hii ni kimoja tu, mke wake abaki, na yeye abaki Mwenyekiti. Hivyo vilikuwa viwili, lakini yeye alivihesabu kimoja.

Ndipo akabuni Mtihani wa Bukari, yaani wa ugali.

Alieleza kwenye kikao kwamba kumtambua aliyepitiliza ni kazi nzito. Majina hayasaidii, kwa sababu kabila la Waluba liko huku na liko kule Kasai, na wote wanaitana majina yale yale. Lugha ndiyo kabisa, maana Kolwezi nzima inatukanana kwa Kiswahili kimoja. Mwenze alisema yeye anawatambua kwa macho. Kisimba akamjibu kwa upole kwamba kwa macho hayo hayo vijana wake walimkumbusha safari padri wa Kibelgiji.

"Tutatumia tumbo," akasema Kisimba. "Mwenyeji anakula bukari ya mahindi matupu, nyeupe. Mkasai anachanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Tunaweka sahani mbili mezani. Mkono wa mtu utaenda kwao."

Wajumbe walishangaa jinsi sayansi ilivyokuwa karibu na jiko siku zote. Ikaundwa Tume Ndogo ya Ladha, ikapewa sahani.

Jioni hiyo Kisimba alimweleza mkewe kwa sauti ya chini, ingawa Shekina alikuwa ametoka na nyumba ilikuwa na wao wawili tu. "Utakuya mbele ya meza, mbele ya batu yote. Utakamata ile nyeupe. Kidogo tu! Nitakutangaza mwenyeji, na hakuna mutu atakugusa tena."

"Na mama?"

"Mama iko na treni yake."

Mbombo akaendelea kuchambua majani ya muhogo ya sombe. "Nitaona," akasema.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kidogo. Treni haikuwa na dereva. Kamati ilikuwa imekwisha kuwarudisha mashinisti wote kwenye chumba cha kusubiria, na mahali pao ikamteua Henri, kijana mwenyeji wa pande zote mbili, mama na baba, ambaye aliwahi kupanda treni na akaipenda. Henri alipewa kofia. Alipanda kwenye lokomotivu ya umeme, ile ya mwisho iliyokuwa bado inatembea, akaivuta mpaka mwisho wa reli za yadi, na reli zilipokwisha hakuona sababu ya kusimama. Alitokea upande wa pili wa ghala la unga. Taarifa ya Kamati ilisema jaribio limefaulu na treni imefika kabla ya wakati.

Mafundi wa mgodi waliirudisha lokomotivu kwenye njia, nayo kwa bahati ilikuwa imevunjika kioo tu. Kisimba akavaa tai, akaenda stesheni kumtafuta shemeji yake. Alimkuta Muamba amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, anamshikia mama yake mwavuli. Mama Mpoyi alikuwa amejifunika vitenge viwili na anatetemeka.

"Shemeki," Kisimba akaanza, "taifa linakuhitaji."

"Taifa gani? Ile yenye ilivunja mulango yangu?"

"Tusirudilie mambo ya zamani."

"Ilikuwa mwezi uliopita, shemeki."

"Tunatafuta mutu wa kuendesha treni."

Muamba alicheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hajanywa chai siku nyingi. "Aka! Mi ni abiria. Abiria anakwenda kule kwa mashini kufanya nini? Weye njo ulisema nilisinzia. Haya, niko nasinzia."

Kamati ilikaa kikao cha dharura. Ikaamua kwamba Muamba atakuwa Mwenyeji wa Muda, kuanzia Kolwezi mpaka katikati ya daraja la Lualaba pale Bukama. Hapo uenyeji wake utakwisha, naye ataendelea kama abiria, ila asiache usukani. Muamba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema daraja lao wabaki nalo, yeye anataka kitu kimoja.

"Mama yangu ku kiti. Si ku wagon ya makaa, si juu ya bati. Ku voiture ya bakubwa, pembeni ya dirisha."

Kulikuwa na behewa moja tu lenye viti, na Kamati ilikuwa imejiwekea hilo kwa ajili ya ziara za historia. Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe wakakubali, kwa sababu Mjumbe wa wakubwa alikuwa njiani kutoka Lubumbashi kuja kushuhudia kuondoka kwa treni, na treni isiyoondoka ingempa maswali.

Siku ikafika. Mjumbe, ambaye wote walimwita Ekselansi, alikuja kwa gari, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alieleza kwamba angependa sana kuja kwa treni, lakini vituo vya njiani havikuwa na watu wa kupokea simu. Huku reli ni moja tu, ya kwenda na kurudi. Treni haitoki kituoni mpaka kituo cha mbele kijibu kwa simu kwamba njia i wazi. Vituo hivyo vilikuwa vimerudishwa kwa wenyewe, na wenyewe walikuwa bado hawajaja. Kwa safari hii Muamba alisema ataenda polepole, akipiga honi.

Meza ikawekwa, kitambaa cheupe, kipaza sauti, sahani mbili. Mtihani ulianza vibaya. Watu wa chini ya maturubai walikuwa na njaa kiasi kwamba walikula sahani zote mbili, wakauliza kama kuna sombe. Tume Ndogo ya Ladha ikawaandika kuwa wenyeji mara moja na abiria mara moja, kisha vijana wa Mwenze wakawapandisha kwenye mabehewa kwa fimbo ili kuondoa utata. Mabehewa yalijaa mpaka watu wakakaa juu ya paa, na bado nusu ya uwanja ilibaki.

Halafu Kisimba akakohoa kwenye kipaza sauti. "Ekselansi, sasa Kamati itaonyesha haki yake haina ubaguzi. Huyu mama ni mke wangu mwenyewe. Watu wenye midomo wamesema maneno. Aje, mkono wake useme."

Mbombo akatoka kwenye umati, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akanawa mikono bila haraka. Kisimba alikuwa anaitazama sahani nyeupe kwa nguvu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia kwa macho. Mbombo hakuigusa. Alivuta ile ya kuchanganya, akamega tonge kubwa, akalikanda vizuri, akala. Akamega jingine.

"Mama," Mwenze akasema, "unajua maana yake?"

"Ndiyo. Ni bukari. Mwenye aliipika alisahau kuikoroga muzuri."

"Mama Shekina!" Kisimba alinong'ona, na kipaza sauti kikanong'ona naye mpaka sokoni. "Nilikuambia nyeupe!"

"Niliisikia." Mbombo akamgeukia, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Mama yangu mumuburute mpaka hapa sawa na mufuko ya makala, mi nibakie ku nyumba juu ya ruhusa ya sahani? Kila siku nikule na woga, nikuangalie usoni nikuitikie 'ndiyo, Mwenyekiti'? Aka, Tata Shekina. Nilikupenda, lakini hii siiwezi."

Akaenda kwenye behewa la viti, akakaa kando ya mama yake. Shekina, binti yao, ambaye Kamati ilikuwa imemhesabu mwenyeji kwa upande wa baba, alipita mezani na sanduku kichwani, akachota tonge la kuchanganya bila kusimama, akamfuata mama yake akitafuna.

Muamba akapiga honi.

Kisimba alisahau cheo. Alisahau Ekselansi, alisahau historia yote kuanzia kusini. Alikimbilia mlango wa behewa, na kijana mmoja wa Mwenze akaweka fimbo mbele yake.

"Treni ya Bakasai tu, Tata Mwenyekiti. Njo weye ulisema."

"Muke wangu iko ndani! Mutoto wangu iko ndani!"

"Na sahani?"

Basi Mwenyekiti wa Kamati Kuu akarudi mezani mbio, akaisukuma sahani nyeupe ikaanguka chini, akaingiza mikono yote miwili kwenye ile ya kuchanganya. Alikula huku akipiga kelele. "Mi Mukasai! Munaona? Miaka yote nakulaka hii! Ku nyumba yangu hatujapikaka ingine! Mi Mukasai ya kweli kweli!" Na ilikuwa kweli tupu. Tangu amwoe Mbombo alikuwa hajala bukari nyingine, na aliipenda. Vipaza sauti vilipeleka ungamo hilo mpaka soko la Manika, ambako wauza samaki waliacha kupima wakasikiliza.

Ila mtihani lazima umalizwe, na Kisimba alikuwa bado anatafuna treni ilipoanza kutembea. Muamba aliondoka saa ile ile iliyotangazwa, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kwa maana halikuwa limetokea Kolwezi kwa miaka. Kisimba alikimbia kando ya reli, vidole vimejaa bukari, tai iko begani. Mbombo alimwona kupitia dirishani. Hakumpungia mkono wala hakugeuza uso, alimwangalia tu huku akilia, mpaka behewa la mwisho likapita.

Ekselansi alifuta vumbi kwenye kope. "Ungamo limesikika," akasema.

Kamati ilikutana pale pale. Mwenze akawa Mwenyekiti. Azimio lake la kwanza lilimtambua ndugu Kisimba kuwa abiria aliyepitiliza kituo, aliyejificha kwa ujanja ndani ya mizani, na likaagiza arudishwe kwao Kasai kwa treni ifuatayo. Kisimba, aliyekuwa hajawahi kuiona Kasai hata kwenye picha ya kalenda, alipelekwa chini ya turubai. Mama Charlotte, mwalimu aliyekosa nafasi kwenye treni yeye na watoto wake, alimtazama muda mrefu. Mtu huyu ndiye aliyemwita yeye kosa la tiketi. Mwishowe akasogeza sufuria zake.

"Ikala, tata. Huku njo hakuvuyi sana."

Asubuhi yake gari la Ekselansi halikuwaka. Petroli ilikuwa imekwisha, na petroli ya Kolwezi huja kwa treni. Unga pia huja kwa treni. Shaba ilikuwa imelala kwenye yadi inangoja treni. Ekselansi alitoa amri kwamba treni irudi mara moja imchukue, na kwa kuwa kamati mpya iliona ni aibu kwa mwenyeji kumbembeleza abiria, Mwenze alimwita Kisimba ofisini akampa simu ya stesheni.

Kisimba alizungusha mkono wa simu. Kituo cha Kisanfu hakikuwa na mtu. Tenke ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Alo, Tenke," sauti ya mwanamke ikasema.

Kisimba akakishika kipokeo kwa mikono miwili. "Mama Shekina?"

"Njo mi. Muamba iko anageuza njia yeye mwenyewe. Huku hakuna mutu, bote mulibarudisha. Unasema nini?"

Ekselansi alikuwa amemsogelea mpaka wanagusana mabega. Kisimba akasema, "Ekselansi anaomba treni irudie Kolwezi."

Alimsikia Mbombo akiita kwa nje, akasikia sauti ya Muamba kwa mbali, na watu wengi wakicheka. Kisha Mbombo akarudi kwenye simu.

"Muamba anasema haiwezekane. Tulipitilizaka mara moja tu, na munaona matata yenye ilileta. Hatuwezi kupitiliza tena."

"Mama anaendelea namna gani?"

"Iko ku kiti. Amelala kidogo."

Kisimba akageukia ukuta, akaficha mdomo kwa mkono. "Mbombo," akasema. "Na mi?"

"Weye ungoye treni, Tata Shekina," Mbombo akasema, na simu ikakatwa.

Ofisi nzima ilikuwa inamtazama: Ekselansi, Mwenze, Tume Ndogo ya Ladha.

"Ehee?" Ekselansi akauliza. "Banasema nini?"

"Banasema tungoye treni, Ekselansi."

"Treni gani?"

Kisimba akakirudisha kipokeo cha simu mahali pake taratibu.

"Ile yenye tulifukuza," akasema.